Mikono Niliyoichongea Mipini

Nilistaafu mwaka jana, na ninyi vijana mliobaki kwenye chumba cha silaha mmenipigia simu mpaka mke wangu ameanza kuuliza kama kweli niliacha kazi. Swali lenu ni lile lile: mzee, mtu akitaka kubadilisha mpini wa bastola, achukue upi? Mnanitumia na picha. Mipini ya mpira, mipini ya plastiki yenye mabonde ya vidole, mipini ya mbao inayong'aa kama kabati la sebuleni. Sijibu, kwa sababu jibu lake haliingii kwenye simu. Kwa hiyo nimekaa barazani huku Akheri, migomba iko mbele yangu na mlima uko nyuma ya nyumba, naandika polepole. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Mimi ni mtoto wa seremala. Baba yangu alitengeneza madawati na majeneza, na alikuwa anasema vyote viwili vinapimwa kwa mtu, havipimwi kwa mbao. Nilishika randa kabla sijajua kusoma vizuri. Kampuni ya ulinzi ya mjini Arusha iliponiajiri, iliniajiri nitengeneze rafu za stoo. Siku ya kwanza nilikosea mlango nikaingia chumba cha silaha, ambako siku hizi ungelazwa chini kifudifudi kwanza ndipo ujieleze. Ndani alikuwa mzee mmoja mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na mbele yake juu ya meza kulikuwa na rivolva iliyotolewa mpini. Huyo alikuwa Mzee Elisante, fundi wa silaha.

"Wewe ndiye seremala?" akaniuliza. "Nipe mkono."

Nikampa, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini mkono wangu hakuuachia. Aliugeuza, akabonyeza pale kidole gumba kinapoachana na kidole cha shahada, akashuka na ukingo wa kiganja hadi chini kabisa.

"Unaibana randa kwa kidole cha mwisho," akasema. "Jioni kinakuuma."

Kilikuwa kinauma tangu nikiwa mtoto, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama. Nilisimama pale kama niliyesomewa barua ya siri zangu. Mpaka leo sijui neno la kueleza nilivyojisikia, ila kwamba niliogopa na nikafurahi kwa wakati mmoja. Rafu zile nilizimaliza wiki hiyo, na baada ya hapo nilikuwa naye.

Msije mkadhani tulikuwa tunatengeneza bunduki. Bastola ni ya mwenye kibali na namba yake iko polisi. Sisi tulisafisha, tulikagua, na tuligusa mpini. Lakini mpini ndio mahali pekee ambapo chuma kinakutana na binadamu, na Mzee Elisante alikuwa anaamini kwamba kiwanda hakijui binadamu. Kiwanda kinachonga mpini kwa ajili ya mkono wa mtu ambaye hayupo. Ni mkubwa kidogo kwa huyu, mdogo kidogo kwa yule, na wote wawili wanajilaumu wenyewe.

Njia yake ya kupima ilikuwa ni nta ya nyuki. Aliipasha moto kidogo kwenye kikombe cha bati mpaka ilainike, akaiviringisha, akampa mteja aishike kama anavyoshika bastola, aibane, aachie. Nta inakumbuka kila kitu. Ukiiangalia unaona kidole kipi kinafanya kazi na kipi kinategea, kama wafanyakazi wa ofisi yoyote. Kisha ndipo alipochukua mbao, na mbao aliyoipenda ni loliondo, ngumu, nzito, yenye michirizi ya kahawia ambayo ukiipaka mafuta inaamka. Mpingo alikuwa anauheshimu lakini hakuutumia sana. Mkono ukitoka jasho, mpingo uliosuguliwa unateleza kama sabuni, na kuna dalali mmoja wa madini mjini aliyekataa kusikia hilo. Alitaka mpingo wenye simba. Tukamchongea simba wake. Baada ya muda akarudi akaomba, kwa sauti ya chini, tumpunguzie simba.

Basi, kwa wale wanaotaka la kufanyia kazi leo, nisikilizeni. Usinunue mpini kwa macho. Kwanza hakikisha bastola ni tupu, angalia mara mbili, mwambie na mwenzako aangalie. Kisha ishike, funga macho, inyooshe mbele, fumbua. Kama mtutu umeangalia pembeni, mpini huo haukufai hata kama ni wa bei mbaya. Kidole cha shahada kifike kwenye triga kwa ncha yake yenye nyama, kisifike kwa kiungo wala usizungushe mkono mzima ili kifike. Kidole cha mwisho kiwe na mahali pa kukaa. Kikining'inia, bastola itakurukia juu ikipiga teke. Mpira ni mzuri kwa teke na kwa jasho, lakini unakwama kwenye koti, na Arusha ya mwezi wa saba kila mtu amevaa koti. Mabonde ya vidole ni mazuri kama vidole ni vya yule aliyechongewa. Na bastola za magazini hazikupi nafasi kubwa, utabadilisha vipande vya ubavuni tu au uvike soksi ya mpira. Rivolva ndiyo yenye huruma: mpini wake wote unashikwa na skrubu moja, na juu ya kile kifupa cha chuma unaweza kuujenga unavyotaka.

Hayo ndiyo niliyoyajua nilipoachiwa meza, Mzee Elisante aliporudi kwao. Nilidhani yanatosha. Kisha akaja Nashipai.

Nashipai alikuwa binti wa Kiarusha, kabila linalosema Kimaasai, kutoka Kisongo, mrefu, mwenye maneno machache na kicheko cha ghafla. Alikuwa amesimama getini miaka kadhaa, kwa jua na kwa vumbi, mpaka akachaguliwa kuingia kwenye timu ya kusindikiza magari ya fedha. Mwanamke wa kwanza kwetu. Walinzi wenzake walishangilia, wengine kwa midomo tu. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa shabaha kwa rivolva, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Alianguka. Akaurudia, akaanguka tena. Kanuni ya kampuni ilikuwa fupi: wa tatu ukikushinda, unatoka kwenye timu, na kwa kuwa nafasi yake getini ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, kutoka kwenye timu kulikuwa ni kutoka kazini. Alikuwa na watoto wawili shuleni na mama mzee nyumbani, na baba wa watoto alikuwa habari ya zamani.

Mkufunzi wetu wa shabaha, Afande Mushi, alimleta kwangu mwenyewe.

"Fundi, huyu dada risasi zake zote zinakwenda chini kushoto," akasema. "Zote. Ukiangalia karatasi utadhani kuna mtu anazikusanya pale. Mimi naona anaogopa mlio."

"Siogopi, afande," Nashipai akasema.

"Kila mtu anasema haogopi."

Nilimpa nta. Mkono wake ulikuwa mwembamba lakini una nguvu ambayo sikuitegemea. Nta ilitoka imekamuliwa mpaka ikapenya kati ya vidole. Nikaona kwamba mpini wa kiwanda ni mnene kwake na triga iko mbali. Nikasema, hili dogo. Nikamchongea mpini mwembamba wa loliondo, triga ikasogea, kidole kikafika. Tukaenda uwanjani. Chini kushoto. Nikaivalisha rivolva mpini wa mpira kuukuu wenye kushika sana. Chini kushoto, pale pale.

Hapo Mushi akafanya jambo ambalo walimu wazuri hufanya. Akachanganya maganda matupu na risasi hai kwenye silinda, bila Nashipai kujua lipi linakuja. Mtu anayeogopa mlio, ganda tupu linamuumbua: anafumba macho na mabega yanapanda kabla ya kitu chochote kutokea. Nashipai alifyatua ganda tupu. Mtutu ukashuka, tuliona wote. Lakini macho yalikuwa wazi, mabega yametulia kama mtu aliye kanisani. Mushi akanitazama, mimi nikamtazama Mushi.

"Basi haogopi," akasema polepole. "Samahani, dada. Sasa ni nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimeshapima mamia ya mikono na huu haukuwa unanieleza kitu. Mtihani wa tatu ulikuwa unakuja, na Nashipai hakuwa analalamika, jambo ambalo lilinikosesha usingizi kuliko kama angelalamika. Kila siku ya mazoezi alikuwa anaaga mapema. Alikuwa anasema tu, "Naomba niwahi nyumbani, mzee," anakunja karatasi yake ya shabaha, anaondoka.

Siku moja nilikuwa nakwenda Kisongo kuangalia kipande cha loliondo kilichotoka kwenye nyumba iliyobomolewa, nikamwambia nitampeleka kwa pikipiki. Tulipofika kwao ilikuwa jioni, upepo wa tambarare unapeperusha vumbi, ndege ndogo inashuka upande wa uwanja wa ndege. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni. Nikamsalimia kwa Kimaasai changu cha kuombea maji: "Takwenya." Akaitikia "Iko," kisha akanipa mkono, nikaona vidole vyake vimepinda na viungo vimevimba, havifungiki. Mkono wa mtu aliyefanya kazi mpaka kazi ikauacha.

Nashipai hakukaa. Alivua koti la kampuni, akajifunga khanga, akachukua kibuyu, akaenda kwa ng'ombe mwekundu aliyekuwa anamwangalia tangu tulipoingia. Akachuchumaa. Mimi nililetewa chai, nikasimama nayo nikiangalia bila kuangalia, kama mgeni.

Niwaambie ukweli kuhusu sisi wanaume wa Kimeru. Maziwa tunayajua kwenye kikombe. Kukata majani, kulisha na kukamua tumewaachia mama zetu, kisha wake zetu, na tunasema ni mila. Nilikuwa nimezaliwa kwenye nyumba yenye ng'ombe, nikaoa kwenye nyumba yenye ng'ombe, na sikuwa nimewahi hata siku moja kuangalia mkono unaokamua unafanya nini.

Siku hiyo niliuona. Kidole gumba na cha shahada vinafunga juu ya chuchu. Kisha cha kati kinafunga. Kisha cha pete. Kisha cha mwisho. Vinashuka kwa mpangilio, kimoja kikimwita mwenzake, haraka mpaka unaona kama wimbi moja, na maziwa yanapiga kibuyu kwa nguvu. Cha shahada kikianza, vingine haviwezi kukaa. Vinakuja vyenyewe.

Hebu shikeni bastola tupu mjaribu: cha shahada kivute triga, kisha vitatu vya chini vifuate kimoja kimoja. Mtutu unainama. Kwa mtu wa mkono wa kulia unainama chini kushoto. Mkono wa Nashipai haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa unaikamua rivolva, kwa ustadi kamili, kama ulivyofundishwa tangu akiwa mtoto mdogo.

"Nashipai," nikamwita, "hebu rudia."

Akacheka kile kicheko chake. "Nirudie nini, mzee? Ng'ombe hakamuliwi mara mbili."

Chai ilipoa mkononi. Nilikuwa najiona nimesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko mimi. Katika kazi yangu yote nilikuwa nimeuona mkono kama umbo, urefu huu na unene huu. Kumbe mkono una wakati wake. Una mpangilio ulioingia humo kabla ya mwenyewe kujua kuhesabu, na unaendelea kuufuata hata pale mwenyewe amesahau. Mungu alipofika kwenye mkono hakukurupuka. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwamba nta ya Mzee Elisante ilikuwa imenionyesha nusu tu.

Kesho yake nilimweleza Mushi. Alisikiliza, akaweka mkono hewani, akakamua ng'ombe asiyekuwepo, akapiga kelele: "Mama yangu wee! Basi rahisi. Aache kukamua mpaka mtihani upite. Tumfundishe mkono upya."

Lilionekana jambo la busara. Tulimwita Nashipai tukamwambia.

"Ng'ombe yule hampi mtu mwingine maziwa, afande," akasema. "Jirani alijaribu, akaambulia teke. Na maziwa yale ndiyo uji wa wanangu na ndiyo yeyo, mama yangu, anakunywa, hawezi kutafuna sana. Mnaniambia nichague kazi au ng'ombe?"

"Ni kwa muda tu," Mushi akasema.

"Ng'ombe akikaa muda bila kukamuliwa anakauka. Wewe umekulia wapi?"

Mushi amekulia Kibosho, ambako nako kukamua ni kazi ya akina mama. Nashipai alikwenda kumweleza mama yake, na siku iliyofuata akaniletea jibu, akalitoa Kimaasai kwanza kisha Kiswahili, akiwa ananitazama usoni: "Yeyo amesema hivi. Mwambieni fundi, mkono huo niliufundisha mimi, na wangu umeshakufa. Asiufundishe kusahau."

Nilirudi kwenye meza nikakaa. Neno lile liliniuma na likanipa heshima ambayo sikuwa nayo kabla, kwa yule mama na kwa kazi yangu yenyewe. Kama mkono hautabadilika, basi mpini ndio umfuate mtu. Si ndiyo kazi yetu? Nilikuwa nimeisema miaka yote bila kuitendea haki.

Nilimwita Nashipai, nikapasha nta. Safari hii sikumwambia ashike bastola.

"Kamua," nikamwambia. "Kamua mpaka mwisho, mpaka tone la mwisho limetoka. Ukifika hapo, usiachie."

Akakamua nta. Vidole vikashuka kwa mpangilio wao hadi cha mwisho kikafunga, na mkono ukabaki pale, umemaliza safari. Nilipoipokea nta, ilikuwa na umbo ambalo sijaliona kwenye mpini wowote wa kiwanda: nyembamba sana mbele, imejaa na kuvimba ndani ya kiganja, na chini kabisa ina kitanda kirefu cha kidole cha mwisho. Hilo ndilo nililolichonga. Nilichukua kile kipande cha loliondo cha Kisongo, nikafanya kazi kwa tupa na msasa, napima na nta, nakosea, naanza upya upande wa pili. Mpini wa mkono uliokwisha kukamua. Ukiushika, vidole vitatu vya chini vimeshafika mwisho wao, havina pa kwenda tena. Cha shahada kinabaki peke yake.

Mke wangu aliuona nyumbani akauliza ni kiazi gani hicho. Ulikuwa mbaya kweli kweli kwa macho.

Siku za kwanza uwanjani risasi zilitawanyika, kwa sababu kidole cha shahada kilikuwa kinashangaa upweke. Mushi alikuwa na subira ambayo sikuijua kwake. Alimwambia, "Dada, usipigane na mkono. Funga vya chini kwanza, kama maziwa yameisha. Kisha ndipo ulete huyo mmoja." Taratibu vitundu vikaanza kupanda kwenye karatasi. Lakini mazoezi ni mazoezi, na mtihani ulikuwa umeshamwangusha mara mbili, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kufurahi.

Mtihani ulikuwa mwezi wa saba, siku ya baridi, mlima umejifunika mpaka kiunoni. Zamu yake iliwekwa ya mwisho, alasiri. Meneja alikuja na koti refu na wageni wawili. Nashipai alikuwa amekamua alfajiri kama kawaida. Alinisalimia shikamoo nikasikia harufu ya maziwa kwenye mikono yake. Alinipa mkono baridi sana. Nikautia kati ya viganja vyangu nikaupasha, kama Mzee Elisante alivyokuwa anaipasha nta.

Alisimama kwenye mstari. Niliangalia mkono tu. Vitatu vya chini vikafunga, vikatulia. Cha shahada kikaja peke yake. Mlio. Mtutu ukapanda ukarudi ulipotoka. Tena. Tena. Mtutu haukuinama hata mara moja. Macho yangu yalijaa machozi, na nikaishukuru baridi kwa kunipa sababu. Mkono ule asubuhi ulikuwa umekamua, alasiri unakataa kukamua, na wala haukuwa umesahau kitu. Sijawahi kuona jambo la ajabu kama hilo kwenye kazi yangu, na sitaliona tena.

Mushi alitembea hadi kwenye shabaha. Alikaa kule muda mrefu akiwa ametupa mgongo. Alirudi na karatasi mkononi, kofia ameivua, akampa meneja. Meneja akaangalia, akawaonyesha wageni. Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Meneja akataka Nashipai asimame katikati wapige picha, akaanza kueleza kwamba kampuni imekuwa ikiamini wanawake tangu zamani.

Nashipai alikuwa ameiweka rivolva mezani, silinda wazi. Aliufungua mkono kidole kimoja kimoja, akaangalia jua lilipofika juu ya tambarare.

"Bosi, naomba ruhusa," akasema. "Ng'ombe wangu hajui kama nimefaulu."